Feni ya Mayai ya Ruguru

Jumatatu, 4 Machi 2024

Leo nimeunda inkubeta, mashine ya kuangua vifaranga. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, bila msaada wa mtu!

Haya, uongo. Sanduku ni friji ya Kaari, binti yangu, iliyokufa zamani. Waya alizifunga Idrisi, fundi wa kompyuta kule mtaa wa Majimbo. Mimi nilishika tochi. Lakini niliishika vizuri.

Mayai yako ndani. Ni ya kuku wa shingo uchi, mbegu ambayo marehemu mke wangu Ruguru alitoka nayo kwao Muthara akija kuolewa. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kimefagia boma lote, hata jogoo. Yamebaki haya tu. Yakioza, nitamwambia nini nikimkuta huko juu? Mdomo wa yule mama naujua.

Jirani yangu, Mama Muturi, alisema kuku wake mwekundu anakaribia kulalia, nimpe ayalalie. Nikamjibu kuku ni mambo ya ushamba, hii ni dunia ya stima.

Jumatano, 13 Machi

Nimemulika mayai na tochi. Ya katikati, chini ya balbu, yana mishipa kama barabara za Embu. Ya pembeni — maji matupu! Nimeyagusa: baridi kama pua ya mbwa. Joto limekaa katikati kama chifu kwa mkutano, halisogei.

Nikampigia Idrisi. Anasema hewa lazima izungushwe, niweke feni ndogo ya kompyuta mbovu. Kwa nini hakusema mapema? Ati alisema. Ati nilikuwa nimeshughulika na tochi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimetoka Majimbo. Feni ni kadogo kama kisahani. Idrisi ameniongezea chaja ya simu ya kuizungusha, vyote kwa bei ya mkate. Alitaka kuja kuifunga. Nikakataa. Mzee mzima nifungiwe feni?

Nimeifunga kwa tundu la hewa, vile walivyofunga ile ya hoteli pale stendi. Inanguruma kama trekta!

Ijumaa, 15 Machi

Mungu wangu. Jana thamometa ilikuwa thelathini na saba. Leo asubuhi thelathini na tatu!

Idrisi kwa simu: “Mzee wangu, hiyo feni inaangalia wapi?”

Nje.

“Sasa si unapasha kijiji chote moto?”

Ile ya hoteli ni ya kutoa moshi, kumbe. Hii inakaa ndani, juu, karibu na balbu, isipulizie mayai usoni. Nimeihamisha. Nimeongeza bakuli la maji, maana upepo unakausha. Joto limepanda, pembeni na katikati sawa. Sijui kama nimechelewa.

Jumapili, 17 Machi

Sikuenda kanisa. Kaari amepiga kutoka Meru, akauliza mahubiri yalihusu nini. Nikasema Nuhu — kufungiwa sandukuni na kungoja. Sikudanganya sana.

Feni ikikohoa, na mimi moyo unakohoa.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemulika tena. Yaliyopona yamejaa giza, na giza hilo linacheza. Mama Muturi amepita, akauliza dunia ya stima inaendeleaje. Nikamwambia vizuri sana. Alipoondoka tu, nikakimbilia thamometa.

Jumatatu, 25 Machi

Yai moja limetobolewa kutoka ndani! Nimeweka sikio: tii, tii. Nimemwita Ruguru kwa jina, mzee mzima.

Saa nane mvua. Halafu — stima imepotea! Feni kimya. Mti umeangukia waya huko chini, watu wanasema ni mpaka kesho. Nimefunika sanduku na blanketi, nimelizungushia chupa za maji moto. Thamometa inateremka tu. Na yai la pili limeanza kulia.

Kuku mwekundu yuko hapo ng'ambo ya ua, anakalia mayai yake. Ushamba mtupu. Moto tele, na hana waya hata mmoja.

Nimebeba mayai kifuani, ndani ya koti. Naandika kwa mkono mmoja, mlangoni kwa Mama Muturi. Anauliza ni nani, na najua ameniona kwa dirisha. Nasikia anavyocheka.

“Ni Baba Kaari! Mama Muturi, jogoo wangu alihudumia kuku wako mwaka mzima, sikukudai hata uji. Leo nadai. Niazime makalio ya huyo mwekundu, mpaka stima irudi.”