Kanuni Yangu Haifichwi

Matrah, Oman

Salma mdogo wangu,

Joto la huku linaunguza mpaka nyayo, lakini mimi mzima na kichwa changu kigumu vile vile.

Tangu uwanja wa ndege Ami Seif kanionya: "Hapa usimwambie mtu kwamba unapiga kanuni kwenye taarabu." Na yeye sebule yake yote kaijaza khat, maandishi ya Kiarabu ya wino wa dhahabu! Jana kanipeleka kumtazama mzee wa Kichina anayeandika kwa brashi. Kumbe pembeni yake kakaa mkewe na kinanda cha nyuzi, kimelazwa mezani kama kanuni yetu. Mke anavuta uzi, mume anavuta wino. Sauti ikififia, na brashi inakaukia karatasini. Mkalimani akasema kwao hufundishwa yote mawili pamoja, kwani mkono ni mmoja.

Bibi yule akauliza nani anataka kujaribu. Ami akanivuta buibui nikae. Nikainuka! Nikapiga nyimbo ile ya harusi yako, nusu nnakosea, na mzee akaandika nnavyopiga. Watu wakashangilia. Karatasi akanipa mimi.

Tulipofika nyumbani Ami akasema kwa upole, "Nipe niitundike sebuleni."

"Ami, nnakuheshimu," nikamwambia, "lakini haitundikwi kwenye nyumba inayoificha kanuni."

Nnarudi nayo. Nibusie mama mkono, kisha ugonge msumari ukumbini, pale pale wanapokaa wageni, na kanuni yangu uiweke chini yake.

Dada yako akupendaye,
Rukia