Fundo Moja Lililobaki

Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kukusemesha bila kukuamkia. Mama angenigombeza hata kama barua yenyewe inakwenda kaburini.

Nakuandikia nikiwa studio, kwenye benchi la wateja, pale ulipokuwa unawaketisha watoto wa picha za shule. Nusu ya chumba sasa ni saluni. Binti mmoja anasuka nywele mbele ya pazia lako la maporomoko ya maji, na wateja wake wanajipiga picha kwa simu hata kabla hajamaliza upande wa pili. Upepo wa Same ni ule ule na vumbi ni lile lile. Lenzi yako iko mbele yangu, juu ya kitambaa ulichokuwa unaifutia. Naiangalia tu. Mjomba, nilikuharibia kitu siku ya msiba wako, na mpaka leo sijamwambia mtu.

Nilifungua mafundo ya kamba yako.

Ile ya katani, yenye kitanzi upande mmoja na mafundo matatu, iliyoshikwa hadi ikawa laini. Ulikuwa unavisha kitanzi kwenye lenzi, unamgusisha mteja fundo shavuni alishike, kisha unarudi nyuma polepole huku ukucha wa kidole gumba ukitafuta alama ulizochonga kwa tupa kwenye pete ya lenzi. Alama tatu, mafundo matatu: la uso, la mtu aliyeketi, la maharusi waliosimama. "Subiri, uso haujafika." Kamba ikinyooka unamwambia aiachie ianguke. "Haya, uso umefika." Ndipo unabonyeza.

Nami nilikuwa nakucheka! Nilikuita fundi mwashi. Kule kijijini Kisiwani, mbele ya maharusi na wazazi wao, nilisema siku hizi simu inajipimia yenyewe, hiyo kamba kafungie mbuzi. Bwana harusi alicheka mpaka akafuta machozi. Wewe pia ulicheka, halafu ukaniuliza gauni la bibi harusi ni la rangi gani. Nikadhani unatania.

Siku ya msiba turubai lilitaka kuondoka na upepo kwenda Lembeni. Wazee walikuwa wamekaa juani wakisubiri. Mtu akapaza sauti iletwe kamba, nami nikakimbilia begi lako la kamera kwa sababu nilijua ndani yake mna kamba. Mafundo hayakupita kwenye tundu la turubai. Nikakaa chini nikaanza kuyafungua. La mbali lilifunguka kwa kucha, la kati nililing'ata kwa meno. Niseme ukweli, nilifurahia kazi ile. Tangu asubuhi sikuwa nimepata kitu cha kushika ili nisilie. La tatu, lililo karibu na kitanzi, lilinivunja ukucha. Nililitukana tusi ambalo nisingelisema mbele yako, nikaliacha, nikafunga turubai.

Tulipomaliza matanga, mke wako aliniita jikoni. Mama Sifa hakulia siku zote zile, alilia siku hiyo. Akaniambia jicho lako la kulia lilikuwa limezima miaka mingi, na la kushoto likafuata, na mwishoni ulikuwa unaona mwanga wa dirisha tu na kivuli cha mtu akipita. Ulimwapisha asiseme. Nani atampeleka mwanawe kupigwa picha na mtu asiyeona? Mimi nilikaa na wewe miaka sita. Nilikuandikia majina kwenye bahasha kwa sababu ulisema mwandiko wangu ni mzuri. Nilikusomea ujumbe wa simu kwa sababu ulisema miwani umeisahau nyumbani. Mjomba, mimi ndiye niliyekuwa sioni.

Na nina hasira na wewe, nayo niiseme. Ungeniambia mimi. Ningenyamaza. Kamba ile ningeivisha plastiki na kuitundika ukutani.

Sasa kuhusu Bibi. Unakumbuka ulichomwahidi mama yako. Umewapiga picha mama za watu kuanzia kijiji cha Bendera hadi milimani, na wa kwako kila Pasaka ulimwambia Pasaka ijayo, kwamba lazima utafute siku yenye utulivu. Hakuna picha yake hata moja zaidi ya ile ya kitambulisho, ambayo anasema wamemweka sura ya mwizi. Tangu tukuzike, ndicho kitu pekee anachokidai. Hataki dawa, hataki uji, anataka picha. Nilipanda Mbaga, kwake milimani, mara ya kwanza na simu yangu. Alijifunika kanga usoni, akasema anataka ya kamera yako, ya Elinami mwanawe, ile ya kuzungusha kwa mkono.

Nikashuka, nikapanda tena na kamera ile tuliyoinunua Moshi ikiwa imetumika, na lenzi yako juu yake kwa ile pete ya kuunganishia. Nilijiona najua. Nimekuona ukifanya mara ngapi? Lakini mimi nimekulia kwenye vitu vinavyojitafutia vyenyewe, unagusa kioo, kinalia kidogo, basi. Lenzi yako hailii. Haina umeme ndani, haijui mtu yuko wapi, inasubiri uamue wewe. Namba za umbali kwenye pete umezifuta kwa kidole chako miaka na miaka. Zimebaki alama zako tatu, na alama bila kamba haziniambii kitu.

Bibi hatoki nje tena, nyonga imemlaza. Chumba chake kina dirisha moja dogo, na nje ukungu unashuka mpaka kwenye migomba. Nilifungua tundu la lenzi lote ili mwanga uingie, na ukifungua hivyo, panapotoka vizuri hapazidi upana wa kidole. Mbele ya hapo moshi, nyuma ya hapo moshi. Nakuza picha kwenye kioo cha kamera, nazungusha pete, nazungusha, naona kope zake zinaanza kuja, na nikishika pumzi nibonyeze, ameshatikisika. Anatetemeka muda wote. Nilipiga picha zaidi ya mia siku ile. Nilirudi na sikio moja zuri sana, na komeo la mlango linaloonekana hadi kutu.

Mara ya tatu nilifika Jumamosi, jua limetoka, dirisha limejaa mwanga kuliko siku zote. Mama alinikodolea macho mlangoni. Mimi mjukuu wa Bibi, Msabato yule, nimebeba kazi siku ya Sabato! Nilisahau siku, Mjomba. Tangu ufe siku zimenichanganyikia. Bibi aligeukia ukutani. Nikakaa naye, nikala makande ya jana yake, nikautazama mwanga ule ukipita juu ya blanketi mpaka ukaisha.

Wiki iliyofuata Mama alipiga simu. Bibi ameacha kula, macho hayafungui sana, na akiniulizia mimi ananiita kwa jina lako. Nesi wa zahanati alikuwa amekuja, akamwambia Mama awaite walio mbali. Niliikata simu nikatoka nje bila kufunga mlango wa studio. Nilikuwa natembea tu. Nikajikuta nyumbani kwako, uani, na Mama Sifa anaanua nguo. Na kamba aliyoanikia nguo ilikuwa ni kamba yako.

Turubai lilipofunguliwa alikuwa ameihifadhi, kisha akaifunga kutoka kwenye dirisha hadi kwenye nguzo. Kitanzi kimevishwa msumari. Na hatua moja na kidogo kutoka msumarini, katikati ya shuka na suruali ya shule ya Sifa, lilikuwepo lile fundo. Limekauka, limejifunga zaidi, na nyuzi zimechubuka pale nilipong'ang'ana nalo. Niliushika ukuta. Mama Sifa aliniuliza kama naumwa. Nikaanza kuanua nguo za watu kama mwendawazimu, nikaifungua kamba nikaondoka nayo.

Fundo la uso, Mjomba. Ulipolifunga sijui uliwaza nini, ila ulilifunga kama mtu asiyetaka lifunguliwe. Mawili mengine sitayapata tena. Nimejaribu kukumbuka umbali wake, nimesimama hapa studio nikiita watu wasiokuwepo wasogee, wakae, wasimame. Nimepoteza maharusi wako na watu wako wa kwenye kiti. Nimebaki na uso tu.

Kesho yake nilipanda pikipiki asubuhi. Kona zote za Mbaga nilikuwa nimeibana kamba kifuani chini ya sweta. Mama alikuwa amemwegemeza Bibi kwenye mito, amemfunga kilemba kile cheupe. Nilivisha kitanzi kwenye lenzi. Nikatafuta alama ya kwanza kwa ukucha, nikafumba macho kuitafuta, na ilipoingia kwenye ukucha nililia, kwa sababu ndipo nilipojua mkono wako ulikuwa unafanya nini muda wote ule. Nikamsogezea fundo shavuni.

Bibi alilishika. Hakuna aliyemwambia alishike. Alilibana kwenye shavu kwa vidole vyote, akafumba macho, akasema, "Elinami. Umechelewa."

Mama alitoka chumbani. Nilibaki peke yangu na mama yako.

Nilipaswa kusema ni mimi, Bibi, ni Namkunda. Sikusema. Nilirudi nyuma mpaka kamba ikanyooka. Alikuwa akitetemeka na kamba inatetemeka naye, akiinama nami nainama, akirudi nami narudi, na kwa mara ya kwanza hakunipotea. Nilisubiri afungue macho. Nilisubiri sana. Mikono ilikuwa inauma. Hakufungua, na nikajua hatafungua, kwa sababu alikuwa ameshakuona tayari na hakuwa na haja.

Nikasema kwa sauti nzito, ile yako, ambayo nilikuwa nakuiga wateja wakiondoka, "Haya, Mama. Uso umefika."

Nikabonyeza.

Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Kila mkunjo upo. Nywele nyeupe zilizochungulia chini ya kilemba unaweza kuzihesabu. Chozi moja limesimama kwenye kope, na unaona dirisha ndani yake. Lakini macho yamefumbwa, Mjomba, na kamba imo kwenye picha, imetoka shavuni kwake inanijia mimi. Mama ameiona, akasema huyu ni kama maiti, hii hatuitundiki. Nilitaka kurudia. Bibi alisema hiyo hiyo inatosha, akalala.

Nilipotaka kuchukua kamba, hakuiachia. Nilijaribu kidole kimoja, akakaza. Nikakivua kitanzi kwenye lenzi, nikamwachia yote.

Hiyo ni juzi. Leo Mama amepiga simu mara mbili na hakusema neno, nasikia pumzi tu na jogoo nyuma yake. Nimefunga mkoba. Nikimaliza kuandika, naenda stendi kutafuta usafiri wa kupanda. Sijui nitamkuta. Sijui pia nilichofanya ni wema au ni wizi. Nilimpa mtoto wake kwa dakika moja, kwa uongo, nikajichukulia picha. Wewe ulidanganya watu wote kwamba unaona, na picha zako hazikumwumiza mtu. Mimi naona vizuri na nimemdanganya mtu anayekufa. Nimekutafuta tangu juzi nikuulize, na nakuta benchi.

Basi, Mjomba, nikuache upumzike. Nakuahidi haya. Picha nitaisafisha, nitaikuza, na nitaitundika hapa, kwenye upande uliobaki wa studio, wakipenda wasipende. Lenzi yako sitaifungia kabatini, nitaizungusha kwa mkono mpaka mkono ujue. Na ile kamba, hakuna atakayeitoa kwenye vidole vya Bibi wakati wa kumwosha wala wa kumvika sanda. Nitasimama mlangoni mimi mwenyewe. Fundo lile halifunguliwi tena na mtu yeyote.

Ila nakuomba jambo moja. Ukimwona anakuja na kamba mkononi, anakuambia kwamba hatimaye ulimpiga picha, usimkatalie.

Mpwa wako,
Namkunda