Nilimjibu Sajini "Sawa"

Mpendwa Shangazi wa gazeti,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili jioni, maana hapo ndipo likizo yangu fupi inapokwisha na natakiwa niwe nimesharudi kambini, na sijui nitarudi na moyo gani.

Mimi ni kuruta, msichana, nina digrii, nimeingia jeshini kwa hiari yangu huku marafiki zangu wakinishangaa, na mafunzo nayapenda, hata mchakamchaka naupenda, ila ninayeshindwana naye ni mkufunzi wetu, sajini wa makamo ambaye kambi nzima inamwita Chuma, na ambaye kila akifungua kinywa ni "enzi zetu": enzi zetu buti zilikuwa buti, enzi zetu hakuna aliyeumwa, enzi zetu kuruta hakulia, ninyi ni watoto wa chaja, mkikaa bila simu kidogo mnazima.

Hayo nilikuwa nayavumilia, mengine hata nayacheka chinichini. Balaa lilianza siku aliponiagiza nikaoshe ndoo za jikoni, na mimi, kwa mazoea tu, nikajibu, "Sawa, afande."

Akasimama kama mtu aliyekanyaga msumari. "Sawa? Nani na nani wako sawa? Mimi na wewe?"

"Hapana, afande, nilimaanisha nimekubali."

"Ahaa! Kumbe nilikuwa nakuomba!"

Platuni nzima ikarushwa kichura kwa neno langu moja, na tangu hapo mimi ni Bi Sawa, kuanzia kwa wapishi hadi kwa walinzi wa getini, na kwa kuwa ni mtu wa kuwaza sana nikaanza kulipima kila neno kabla halijatoka, basi nachelewa kujibu, na kuchelewa huko Chuma anasema ni kiburi, na juzi amenionya mbele ya wote kwamba nikimjibu ovyo mara moja tena ataandika kuwa mimi ni mjeuri, nisile kiapo na wenzangu, nirudishwe nyumbani. Siku hiyohiyo alipita kukagua miguu yetu, nami sijasema kitu akanivua buti, akaona malengelenge, akanirushia plasta na kusema nisidhani ananipenda, lakini hayo tuyaache.

Sasa niko nyumbani. Baba yangu ni mwanajeshi mstaafu, jambo ambalo kambini sijamwambia mtu. Jana tukiwa sebuleni akaniuliza nani anatufundisha, nikamweleza, na kovu alilonalo sajini kidevuni nikalitaja, na baba akaweka kikombe chini akacheka mpaka akakohoa.

"Huyo ndiye Chuma? Mwanangu, huyo nilimfundisha mimi! Sisi tulimwita Bomba."

"Bomba kwa nini, baba?"

"Kwa machozi! Nikisema 'kulia geuka', wenzake wanageuka, yeye analia."

Mama akadakia kutoka jikoni, "Mwambie na wewe uligeukia wapi." Baba akajifanya hajasikia. Akachukua simu, akasema ana namba yake, atampigia leo hii na kuanzia Jumatatu nitakuwa nakaa kivulini. Nimemwomba asubiri kwanza.

Shangazi, nimwache baba apige? Au nikae kimya, halafu siku Chuma atakaposema tena kwamba enzi zao hawakulia, nimwite Bomba mbele ya platuni? Kinachonitisha ni utamu niliousikia, maana nimeshajaribu kulitamka mbele ya kioo, na linanikaa vizuri mno mdomoni.

Ni mimi,
Bi Sawa

*

Marahaba, Bi Sawa.

Kwanza kabisa, toka kwenye kioo.

Pole kwa kichura. Sajini wako anatia chumvi, lakini kwenye neno lenyewe ana hoja: amri haingojei maoni yako. Sema "Ndiyo, afande," kisha nenda ukawaze huko kwenye ndoo, zinaoshwa vizuri tu hata kichwa kikiwa mbali. Na hizo "enzi zetu" zisikukoseshe usingizi. Kila anayezisimulia huwa amesahau kipande kimoja, na mara nyingi ni kile chenye kamasi.

Simu ya baba, hapana. Akishapiga wewe si kuruta tena, ni mtoto wa mkubwa, na kila utakachokipata kwa jasho lako wenzako watasema ulipigiwa simu. Mwombe kwa adabu aiache. Akikaidi, mwite mama, naona huko jikoni ana silaha zake.

Na Bomba? Limeze. Hilo jina ni la waliolia pamoja naye, na wewe hukuwepo. Ukilitoa utachekesha platuni asubuhi moja, na mchana utakuwa unafunga begi.

Tena nikugombeze kidogo. Msichana msomi, unapima kila neno, halafu habari ya plasta unaiandika mbiombio na kusema tuyaache. Mimi siyaachi! Mtu anayejua buti linakuumiza wapi kabla hujafungua mdomo, alijifunzia kwenye mguu wa nani? Anakumbuka vizuri sana, binti yangu. Anaogopa tu mkijua.

Jumatatu, baada ya gwaride, mngoje awe peke yake, simama wima, omba ruhusa ya kusema. "Afande, nikichelewa kujibu si kiburi, naogopa kukosea. Naomba unielekeze." Basi, nyamaza. Akifoka, mwache afoke, atakuwa amekusikia. Usimtaje baba, usitaje machozi, na ukipita karibu na bomba la maji, angalia pembeni.

Siku ya kiapo ndipo baba aje, akae viti vya mbele. Sajini akimwona, watajuana wenyewe nani alimfundisha nani kugeuka, na wewe utakuwa umefika hapo kwa miguu yako, malengelenge na yote. Na siku utakapopewa makuruta wako, "enzi zetu" ikikupanda kooni, kumbuka zile ndoo.

Umenielewa? Na usithubutu kunijibu "sawa".