Siku ya Kuezeka

Nyumba mpya,
nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Wifi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Natumaini umepata nafuu na wote hapo nyumbani ni wazima. Sisi huku miili haijambo. Mengine ndiyo yaliyonikalisha chini niandike.

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningelia nikakata kabla sijafika penyewe. Nilikwambia mdogo wako aliteleza akaanguka. Ni kweli, lakini nusu ya habari nilikuficha, na huu ni mwezi wa nne hainipi usingizi.

Unajua tulivyohangaika na vyumba vya kupanga. Mgeni wa mji kama sisi, hata akikohoa anaambiwa anapiga kelele. Nyumba hii tuliijenga kidogo kidogo. Yeye akitoka gereji anashika koleo kuchanganya zege, mimi nachota maji. Kuta zilipokamilika tu, mwenye nyumba akasema anataka vyumba vyake kabla ya Jumamosi.

Siku ya kuezeka kulikuwa kumenyesha alfajiri. Fundi wa paa alizishika mbao, akatikisa kichwa.

"Leo hapapandiki. Tungoje zikauke."

Mdogo wako akakubali. Mimi ndiye niliyekataa, Wifi. Nilikuwa nimeshafunga vyombo, nimechoka mpaka kwenye mifupa. Nikamwambia mbele ya watu, "Kama unaogopa, nishikie kanga yangu nipande mimi."

Watu wakacheka. Naye akacheka, si unajua alivyokuwa hapendi ugomvi. Akavua viatu, akapanda.

Alipigilia mabati mawili. La tatu likiwa linapandishwa, nikasikia mguu ukiburuzika juu ya mbao. Aliangukia upande wa matofali. Hakupiga hata kelele. Hospitali alikaa siku mbili. Ya pili alinitambua, akaniuliza, "Mmemaliza paa?" Nikamjibu tumemaliza. Halikuwa limeguswa tangu aanguke.

Baada ya mazishi fundi alirudi, akaezeka peke yake siku tatu, hata chai yangu hakuigusa. Tumehamia. Majirani wanakuja kunipongeza, eti mjane, tena mgeni, na ana nyumba yake. Nawaitikia, "Asanteni," huku natamani ardhi ipasuke.

Kifungua mimba wangu alikuwepo siku ile, alisikia kila neno. Tangu hapo haniiti mama. Ananiambia, "Chakula kimeiva," au, "Nimeshafua," basi. Hajanitukana. Afadhali angenitukana.

Mama yenu alipofariki wewe ndiye uliyembeba mdogo wako mgongoni, ukamlea mpaka akaoa. Sikutaka uyasikie haya kwa mwingine. Msamaha sikuombi leo. Ukitaka kunilaumu, nilaumu, ni haki yako. Ila mwandikie huyu mtoto. Wewe ni shangazi yake, kwako atafungua moyo. Ana miaka kumi na minne, na anambeba baba yake peke yake, kwa sababu mimi hataki nimsaidie.

Nisalimie mumeo na wale mapacha watundu. Baba mkwe msalimie sana, lakini barua hii usimsomee.

Mungu akupe nguvu ya kuyapokea haya, na akulaze salama.

Wako nikupendaye, hata kama wewe hutaweza tena,

Mke wa mdogo wako.