Kijiti cha Mwisho cha Mlimau wa Mama Yako

Kwako Zuhura, mtoto wa dada yangu,

Anayekuandikia ni mjomba wako, mtu ambaye bila ruhusa yake gari la mkubwa yeyote wa mtaa wa Kigobe haliwaki. Ulipokwisha kuondoka, wanajeshi walifika huku kwetu Buyenzi na gari la vita mpaka mlangoni mwa gereji ninapofanya kazi. Nikasimama katikati ya njia. Meno yangu mawili ya mbele yalibaki kwenye kitako cha bunduki, lakini waligeuza. Uliza mtu yeyote hapa. Ila we hauko hapa wa kuuliza.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka kwenu Kamenge na matawi ya mlimau ndani ya kanga? Mama yako tulikuwa tumeshamzika, nyumba yenu imeungua, na ule mti umebaki kijani upande mmoja tu. Nikakucheka, nikasema nitakununulia malimau gunia zima. Ukanijibu bila kuniangalia: "Malimau ya mama hayana mbegu, mjomba. Hivi vijiti vikikufa, imekwisha."

Ukavikata mshazari, ukavichomeka kwenye mikebe ya maziwa yenye mchanga wa ziwani, kila mkebe ukauvika sashe, mfuko wa plastiki. Asubuhi na jioni ulijaza maji mdomoni ukapuliza kama dobi anayepiga pasi, ukungu mwembamba, halafu ukafunika upesi. Ukaniambia: "Usifunue ovyo. Hii miti bado haina mizizi, inakunywa kwa majani. Hewa ya ndani ikikauka, nayo inakauka." Mimi, niliyeacha masomo darasa la nne kwa kuwa mwalimu aliniogopa, niliitikia kama mtoto.

Kisha ukavuka mpaka kwenda Uvira kumwangalia mgonjwa. Ulisema utarudi kabla majani mapya hayajatoka. Barabara ikafungwa nyuma yako. Kila anayetoka huko namuuliza. Mmoja alidai alikuona sokoni. Wengine wanatazama chini, wanabadilisha maneno.

Kijiti kimoja kilichipua kweli. Niliita kartie nzima, mtaa wote, nikawanywesha chai, nikatangaza kwamba mlimau wa dada yangu umefufuka. Baada ya siku chache majani yakalegea. Nilipokivuta hakikuwa na mzizi hata mmoja. Kumbe kilikuwa kinajila chenyewe. Vingine vikafuata kimoja kimoja.

Sasa kimebaki kimoja, na shina lake limeanza kuwa jeusi chini. Barazani napiga hadithi, watu wanacheka. Nikiingia ndani nakuta mkebe, hadithi zinakwisha. Sioni kama kitashika, Zuhura. Siku nyingine sioni kama kuna chochote kitashika katika mji huu.

Na ngoja nikuambie, maana wewe hutawaambia watu. Hakukuwa na kitako cha bunduki. Wanajeshi walipita bila hata kunitazama. Kesho yake tairi lilipasuka gereji, nikadhani ni bomu, nikakimbia, nikaangukia mtaroni kwa mdomo, meno yakabaki humo. Tangu hapo nikipuliza, ukungu hautoki. Maji yanamwagika matone makubwa, mchanga unalowa, kijiti kinaoza. Jirani angeweza kunipulizia, lakini ingebidi kwanza nikiri mbele yake kwamba kuna jambo mimi siwezi.

Uje upulize, mwanangu, hata mara moja.

Mjomba wako,
asiye na meno ya mbele kwa sababu ya tairi