Mstari wa Watu Thelathini na Wanane

Jumatatu, 10 Oktoba 2011
Afisa wa wanyamapori amekuja na kuondoka kabla chai haijapoa. Mwaka jana vikunya, hawa wanyama wa mwituni wenye manyoya ya thamani, walitutoroka wote kupitia pengo kwenye mstari wetu. Safari hii tukishindwa kuwazingira, uwanda wetu watapewa jirani zetu wa Chukimarka, wawe wanakata manyoya wao. Anasema sisi watu wa Waljata tuko wachache mno. Wachache, ndiyo! Mwendo wa siku mbili kutoka mpaka hadi mpaka, na watu thelathini na wanane wenye miguu ya kusimama. Lakini hakuna kilima tusichokijua kwa jina.

Jumanne, 11 Oktoba
Nimepima kwa kamba mdomo wa bonde tutakapowazuia vikunya, upepo ukinitoa machozi. Mita mia saba na sitini. Mtu mmoja kila mita ishirini, katikati kamba yenye vitambaa vyekundu — vikunya huogopa kitambaa kinachopepea. Tunatosha sawasawa! Nimeandika kila jina na nafasi yake.

Alhamisi, 13 Oktoba
Mkutano. Aibu! Nilipanga watu kwa umri na nguvu, nikasahau jambo ambalo hata mtoto analijua: Waljata ina nusu mbili, Wa Juu husimama kulia, Wa Chini kushoto. Mzee Saturnino Choquetopa akainuka, kofia mkononi.

"Nemesia binti yangu, umeniweka na Wa Chini. Nimekukosea nini?"

Watu walicheka hadi majani ya koka yakawatoka mdomoni. Nikafuta yote. Kila upande unahitaji watu kumi na tisa. Wa Juu wako kumi na wanne tu! Mume wangu Florencio akasema Wa Chini watawaazima watano. Mzee Saturnino akajibu heri vikunya wakimbie.

Kisha Bibi Hilaria, miaka sabini na tisa, jirani yetu huku Chini:

"Mimi nimezaliwa Juu. Huku niliolewa, sikununuliwa. Nitasimama na kaka zangu."

Tukatazamana. Wanawake waliozaliwa Juu wakaolewa Chini — tuko watano! Nami mmojawapo. Mzee Saturnino akavaa kofia yake.

"Mabinti wa nyumbani hawaazimwi," akasema. "Wanarudi tu."

Florencio: "Basi na chakula ukale hukohuko Juu!"

"Nawe ujipikie huko Chini." Sijawahi kuipenda Waljata namna hii.

Jumamosi, 15 Oktoba
Saa nne asubuhi. Naandika nimesimama kwenye nafasi yangu, kamba kiunoni. Pikipiki mbili za idara zimekwenda kuwasukuma vikunya kutoka ng'ambo. Watu wa Chukimarka wamekuja na lori, wamekaa mlimani na vyakula vyao kama wako kwenye mpira.

"Tuje tuwasaidie, akina mama?"

Bibi Hilaria, kushoto kwangu: "Shukeni, kama mnataka kunyolewa!"

Vumbi! Wanakuja. Mia mbili, labda zaidi. Dume anayeongoza ameshaona upande wetu ndio wenye wazee, anakuja moja kwa moja. Bibi Hilaria ametupa fimbo yake, kamba ameishika kwa mikono miwili. Kule kwa Wa Chini Florencio anapiga kelele, sisikii neno. Nimetazama mstari wote, kulia hadi kushoto: hakuna pengo. Mlimani wameacha kula, wamesimama wote.

Mita hamsini. Bibi anafoka niweke kalamu. Hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja. Dume amepunguza mbio, anatutazama —