Chatu na Nungunungu Wasikae Khanga Moja

Ngokolo,
S.L.P. 214,
Shinyanga.
14 Mei, 1994

Mpendwa dada Bernadina,

Shikamoo dada. Hujambo huko Dar? Kifua chako kimeachia, au vumbi la pamba hapo kiwandani bado linakusumbua? Sisi tunaendelea, isipokuwa Nyamizi anaota meno ya juu na halali mpaka nimbebe. Hata sasa yuko mgongoni, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani nimesahau shule.

Baba Nyamizi bado yuko machimboni Nyarugusu. Alituma salamu kwa mtu, anasema shimo lao limejaa maji. Hayo niyaache, leo nina jambo linalonichoma zaidi.

Ile kazi ya kuchora khanga niliyokudokeza niliipata kweli. Akina mama wa ngoma wa hapa, Bagalu na Bagika, walitaka kila upande uwe na khanga yake ya kuvaa kwenye mashindano baada ya mavuno. Mzee Harish, yule mwenye duka la nguo sokoni, akaniambia, "Agnetha, wewe si unadarizi vitambaa vya meza? Chora, mimi nitapeleka kiwandani." Bagalu wakachagua chatu, Bagika wakachagua nungunungu.

Dada, nimechora! Kona ndizo zilizonitesa, maana chatu wa kwenye pindo lazima ageuke kona bila kukatika mgongo. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Siku alipogeuka vizuri nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikajua kumbe naweza, mimi wa darasa la saba.

Sasa sikia. Mzee Harish amekwenda kutibiwa macho Mwanza, duka kamwachia Gaurav, mtoto wa kaka yake aliyekulia huko huko Dar. Huyu kijana hajawahi kuona Bagalu na Bagika wakishindana uwanjani. Akachukua mkasi na gundi, chatu wangu akambandika kwenye pindo, nungunungu akamweka katikati kwenye mji, zikawa khanga moja. Akautuma mchoro kiwandani kwenu, halafu ndipo ananiambia, tena anatabasamu: "Mama Nyamizi, nguo moja, pande zote mbili zinanunua. Nimewapatanisha!"

Nikamwambia, "Hujapatanisha mtu. Umetuunganisha wote tusinunue." Akajibu kwamba biashara nimwachie yeye, na nikileta ubishi wachoraji wamejaa Mwanza. Si mtu mbaya, ana pupa tu.

Nikaenda mwenyewe kuwaambia akina mama kabla hawajasikia kwa mwingine. Mama Bujiku, kiongozi wa Bagalu, alicheka mpaka akakaa chini. "Mayu wee! Nungunungu anikalie makalioni? Si atanichoma!" Halafu kicheko kikakatika. "Umetuuza, Mama Nyamizi?"

Kwa Bagika ndiko aliko mama mkwe wangu, na yeye anajua kwamba sisi kwa baba ni Bagalu. Hakucheka hata kidogo. "Chatu wa kwenu anizunguke mwili mzima mbele za watu? Bora nicheze na gunia." Tangu siku hiyo hasemi nami. Anakuja, anamchukua mjukuu wake, anamrudisha, basi. Anaamini nilifanya makusudi ili watu wetu wawacheke. Dada, naishi na huyu mama, chungu chetu ni kimoja.

Ndiyo maana nakuandikia haraka. Najua wewe uko kwenye kufunga marobota, lakini nenda kwa fundi Athanas, yule uliyesema ndiye anayepokea michoro. Mwambie ule wenye chatu na nungunungu pamoja wasianze kuuchapa. Aliyeuchora amekataa. Humu ndani nimeweka michoro miwili mipya, kila mnyama na khanga yake. Barua hii nitampa Onesmo, jirani yetu anayepanda treni kesho, akukabidhi mkononi. Gaurav nimemwambia usoni kwamba naandika, sikumficha. Amenuna. Mzee Harish nimemtumia ujumbe kwa basi la Mwanza, jibu bado.

Athanas akisema agizo ni la mwenye duka na si la mchoraji, mwombe angalau asubiri kauli ya Mzee. Akisema ni hiyo moja au hakuna kabisa, mwambie hakuna. Usinionee huruma, na usijaribu kunitafutia njia ya katikati, nakujua. Naitamani kazi hii kuliko nilivyowahi kutamani kitu, na hapa ninapoandika machozi yananitoka. Lakini nikikosa khanga nitarudi kwenye vitambaa vya meza. Nikiwakosa akina mama hawa, nitamchorea nani?

Msalimie sana shemeji Eustace, na shangazi wa Temeke mwambie miguu yake naiombea. Wabusu watoto wote, hata huyo mkorofi. Mungu akukinge na vumbi hilo na akufikishe kwa Athanas kabla mashine hazijawashwa.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,
Agnetha (Mama Nyamizi)